Mtoto Atakaye Udaktari na Hisabati Yake

Wazazi wapenzi wa Kamanga, jioni mkisimama ufukoni mwaona taa za Mwanza ng'ambo ya ghuba. Huko, kilimani Bugando, ipo hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971, na papo hapo chuo kikuu cha afya cha Maaskofu Katoliki, kilichoanza mwaka 2003. Watoto wengi wa upande wetu hutamani kufika kule, si kwa kulazwa, bali kwa kusoma. Basi fahamuni kwamba kinachowazuia wengine si maji haya. Ni fomu moja wanayoijaza wakiwa Kidato cha Nne, ile ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano.

Mzazi mmoja husema: "Mwanangu ni hodari wa hesabu, basi achukue PCM, udaktari atauingia baadaye." Hapana, ndugu. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu, Baiolojia haimo. Mwingine anaikimbia Fizikia na kuchukua CBG, yenye Kemia, Baiolojia na Jiografia. Huyu naye amejifungia mlango. Vyuo vyetu vya udaktari humtaka kijana aliyetoka Kidato cha Sita awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa nyingi, hata majina yake yanachanganya, lakini njia iliyonyooka ni ile ile PCB.

Je, Hisabati? Mwanafunzi wa PCB hasomi ile ya juu, bali hufundishwa Hisabati tumizi ya msingi, wanayoiita BAM: milinganyo, logi, takwimu, uwezekano na mengineyo. Alama zake hazihesabiwi katika daraja la mtihani, kwa hiyo vijana huilalia usingizi. Hapo ndipo nagombana nao. Tena wengi huingia wakiwa dhaifu tayari, maana katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023 waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa.

Tazama kazi yenyewe. Mtoto wa kilo 12 ana homa, na dawa ya paracetamol yapimwa miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 180. Chupa ya maji ya dawa ina miligramu 120 katika mililita 5. Basi apewe mililita 7.5. Akikosea nukta, mtoto atapewa mililita 75! Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini hufanywa usiku wa manane, mama akilia mlangoni.

Iko ngumu zaidi. Tuseme watu 1,000 wamepimwa ugonjwa fulani, na walio nao kweli ni 10. Kipimo huwatambua 9 kati ya hao 10, lakini huwasingizia wazima 10 katika kila 100. Wazima ni 990, basi 99 wataambiwa ni wagonjwa. Jumla wanaoambiwa hivyo ni 108, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 9 tu! Daktari asiyejua uwezekano atawatisha na kuwatibu bure watu 99. Ndiyo sababu takwimu hufundishwa tena chuoni, na aliyeidharau BAM huanza kuhangaika upya. Hata Marekani, ambako kijana husoma kwanza shahada nyingine ya miaka minne, washauri wengi humwambia asiiache takwimu.

Na kama mtoto hakupata nafasi ya Kidato cha Tano? Ipo stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Yeye hutakiwa awe amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia katika Kidato cha Nne. Kufaulu Hisabati na Kiingereza humwongezea sifa. Akimaliza vizuri anaweza kuomba shahada ya udaktari, ambayo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Alama zinazotakiwa husomwa katika mwongozo wa vyuo vikuu wa mwaka ule ule, si kwa kuuliza jirani aliyesomesha zamani. Na ile fomu ya tahasusi, matokeo yakitoka, huruhusiwa kubadilishwa kwa muda mfupi. Mwulizeni mwalimu mkuu tarehe ya mwisho mapema, mkae na mtoto, mwitazame pamoja.