Majalada ya Pande Mbili za Mpaka

Mji wa Sirari katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, uko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma kuelekea Kisii, na hatua chache mbele yake iko Isebania ya upande wa Kenya. Wenyeji wengi wa eneo hilo ni Wakuria, na koo zao kama Wairege, Wanyabasi na Wabugumbe zina makazi pande zote mbili, kiasi kwamba ndoa, misiba, minada ya ng'ombe na mashauri ya wazee vimekuwa vikivuka mpaka tangu ulipowekwa. Historia yao iliyoandikwa haikubahatika kukaa pamoja namna hiyo, kwa sababu nyaraka hufuata serikali iliyozitunga, wala hazifuati watu wanaotajwa ndani yake. Habari za Wakuria wa kusini chini ya utawala wa Wajerumani zimegawanyika baina ya Dar es Salaam na Berlin, na za wakati wa Waingereza ziko Dar es Salaam na London. Habari za ndugu zao wa kaskazini, waliotawaliwa kwa miaka mingi kutokea Kisii chini ya wilaya ya Kavirondo Kusini, ziko Nairobi na London. Barua na taarifa za wamisheni, wakiwamo Wamenoniti waliofika Shirati mwaka 1934 na Mapadre wa Maryknoll waliofika Musoma miaka ya 1940, zilipelekwa kwa wakubwa wao Marekani. Mwanafunzi aliyetaka kuandika historia ya kijiji kimoja cha mpakani alihitaji nauli ya kuzunguka mabara matatu, na ndiyo maana historia hiyo kwa muda mrefu iliandikwa na wale waliokuwa na nauli.

Nyaraka za kidijitali zimeanza kuibadili hali hiyo, na ni vyema kueleza zinavyofanya kazi. Wanahistoria hukiita chanzo cha msingi kile kilichotokana na wakati unaochunguzwa au na mtu aliyeushuhudia: barua, ripoti ya bwana shauri, ramani, picha, hukumu ya baraza, au masimulizi ya mzee aliyekuwapo. Kitabu kinachoandikwa baadaye kwa kuvisoma vyanzo hivyo ni chanzo cha pili. Hifadhi ya kidijitali hupatikana pale vyanzo vya msingi vinapopigwa picha au kuskaniwa, kisha kila picha ikaambatanishwa na maelezo yanayotaja nani aliitunga hati, lini, kwa ajili ya nani, na ilitoka katika jalada gani la masijala gani. Maelezo hayo huitwa metadata, na bila ya hayo maelfu ya kurasa zilizowekwa mtandaoni hayamfai mtu, kwa kuwa hakuna njia ya kuufikia ukurasa unaotafutwa wala ya kujua ulikaa baina ya kurasa zipi.

Kufundisha kwa vyanzo vya msingi si jambo geni katika vyuo vya Afrika Mashariki. Mwaka 1968, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki, iliwatuma wanafunzi wake katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, wakawahoji wazee waliokuwa bado hai na kuandika ripoti ambazo zilikusanywa na hadi leo zinanukuliwa na watafiti. Gilbert Gwassa na John Iliffe, waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, walionyesha kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuzalisha elimu mpya akipewa chanzo na njia ya kukisoma. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila inaponunuliwa mitambo mipya, kwa maana vyuo vingi vimerudi katika mazoea ya kumpa mwanafunzi muhtasari wa mhadhara ili aurudishe kwenye karatasi ya mtihani.

Mpaka wa Sirari wenyewe unatosha kuwa somo la muhula mzima. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliweka mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukaenda moja kwa moja hadi mahali ambapo nyuzi 1 ya kusini mwa ikweta inakutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Waliouchora hawakuwa wameiona nchi ya Wakuria. Karibu miaka ishirini ilipita kabla ya tume ya pamoja ya mataifa hayo mawili kuja kuupima mstari ardhini, mwaka 1904 na 1905, na kwa bahati njema maofisa wa pande zote mbili waliandika. Kapteni G. E. Smith, upande wa Waingereza, alichapisha mwaka 1907 makala kuhusu safari ya kutoka ziwani hadi Kilimanjaro katika jarida la chama cha kijiografia cha London, na Max Weiss, ofisa wa Kijerumani, alichapisha Berlin mwaka 1910 kitabu kikubwa kuhusu makabila ya kaskazini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambamo Wakuria wana sehemu yao.

Mwalimu akiyaweka maandishi hayo mawili mbele ya darasa, pamoja na ramani ya tume na matini ya makubaliano ya 1886, maswali yenye maana huja yenyewe. Mpimaji aliiandikia hadhira gani, na ofisa anayeeleza mavazi na silaha za watu aliyapata maelezo hayo kupitia mkalimani yupi? Nani alibeba mizigo na vyombo vya kupimia, na kwa nini hatajwi jina? Wazee walioona mstari ukipimwa katikati ya malisho yao waliambiwa nini? Baadhi ya maswali hayo yana majibu katika hati na mengine hayana, na mwanafunzi anayejifunza kuitambua tofauti hiyo, yaani kujua ni wapi hati inasema na ni wapi imenyamaza, amepata stadi ambayo muhtasari wa mhadhara hauwezi kumpa.

Hapo ndipo mkutubi anapohitajika kuliko wakati mwingine wowote. Anayeandika jina la Wakuria kwa tahajia ya leo katika kisanduku cha kutafutia atakosa sehemu kubwa ya habari zao, kwa kuwa Weiss aliwaita Bakulia, maofisa wa Kavirondo Kusini waliwaandika mara nyingi kuwa Watende, na Shirati katika hati za Kijerumani ni Schirati. Majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani, ambayo Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo imeyaweka mtandaoni bila malipo, yana kurasa nyingi zilizoandikwa kwa mkono katika hati ya kale ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa shida, ingawa programu kama Transkribus zinaweza kufunzwa kuisoma na kutoa matini ya awali ya kusahihishwa na binadamu. Kumbukumbu za Shirika la Mataifa zilizoko Geneva, ambazo kurasa zake zipatazo milioni 15 zilimalizika kuskaniwa mwaka 2022, zina mijadala juu ya Tanganyika kama nchi ya udhamini, lakini msomaji asiyejua kwamba Uingereza ilipaswa kupeleka huko ripoti kila mwaka hatafikiria kutafuta. Kuwaonyesha wanafunzi njia hizi ni kazi ya kitaalamu, na inafaa ipewe nafasi katika ratiba ya masomo badala ya kufungiwa katika ziara ya nusu saa ya maktaba siku za kuwapokea wanafunzi wapya.

Hata hivyo, hati zote hizo zikikusanywa pamoja bado zitakuwa zimeandikwa, kwa sehemu kubwa, na watawala na wageni. Wakuria walikuwa na namna yao ya kuhesabu wakati, ambayo Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliichapishia makala mwaka 1962: kila mtu huzaliwa katika rika la kizazi linalofuata lile la baba yake, na majina kama Abasai, Abamaina, Abanyangi na Abachuma hurudi kwa mzunguko. Mzee anaposema jambo fulani lilitokea wakati wa kizazi fulani anatoa tarehe, na mwanafunzi aliyefunzwa anaweza kuilinganisha na mwaka wa ripoti ya wilaya kwa uangalifu unaostahili. Upande wa Serengeti kazi kama hiyo imekwisha kuonyeshwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye mwaka 2003 alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya kusini wenyewe. Kazi hiyo inathibitisha kwamba maandishi na masimulizi ya wazee yana haki ya kuingia katika hifadhi kwa heshima ile ile inayopewa barua ya gavana.

Kuyaingiza kunadai tahadhari. Mahali ambapo mipaka ya ardhi baina ya koo imewahi kuzua ugomvi wa kumwaga damu, ramani ya zamani au kauli ya mzee inaweza kuchukuliwa kama hati ya kumiliki, na jina la mtu aliyetajwa katika kesi ya wizi wa ng'ombe miaka ya 1950 bado ni jina la babu wa mtu anayeishi Sirari leo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria hiyo haiondoi wajibu wa mtafiti kumweleza msimuliaji, kwa lugha anayoielewa, kwamba sauti yake itasikika na watu asiowajua, na kukubali akisema sehemu fulani isitoke nje.

Suala la mwisho ni mahali pa kuweka nakala. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikazimika kwa muda mrefu, zikiwamo kurasa za mpango wake wa nyaraka zilizo hatarini, uliowahi kugharamia kupigwa picha kwa miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu. Mpango huo ulikuwa na kanuni ya busara, kwamba hati asilia haziondoki katika nchi yake na nakala moja hubaki kwenye taasisi ya huko huko. Mkoa wa Mara unaweza kuifuata kanuni hiyo bila gharama kubwa: kituo cha Chuo Kikuu Huria mjini Musoma kinaweza kutunza kwenye diski nakala za majalada yanayohusu Tarime na Serengeti ambayo wenyewe wameruhusu yanakiliwe, na shule za sekondari za mpakani zikapewa nakala zao. Mwanafunzi wa Sirari ataweza kuzifungua pasipo kununua kifurushi cha intaneti, huku orodha ya nakala hizo ikiandikwa kwa Kiswahili, na majina ya vijiji na koo yakiwekwa kama wenyeji wanavyoyatamka, kando ya tahajia za Wajerumani na Waingereza.