AKILI PEKEE HAITOSHI: FUNZO LA LUKOLE KWA WANAOTAFUTA VYUO VIKUU VYA MAREKANI

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini limeingia swali ambalo zamani liliulizwa na wachache. Mtoto amefaulu vizuri kidato cha sita, na sasa anasema anataka kuomba nafasi katika chuo kikuu cha Marekani. Baba hukuna kichwa, mama huuliza nauli ni kiasi gani, na mjomba aliyewahi kulisikia jina la Harvard hushauri kwamba aombe hukohuko. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umeruka jambo lililo kubwa kuliko jina la chuo. Jambo hilo ni karatasi: zile zinazoonyesha mtoto ni nani, alisoma wapi, na nani atakayelipa.

Ili tulielewe jambo hili, hatuna haja ya kwenda mbali. Twende Lukole, wilayani Ngara, mkoani Kagera.

DAWATI MOJA, MILANGO MIWILI

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, vita viliwatoa Warundi wengi makwao, wakavuka mpaka na kuingia Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi ya Lukole ilikuwa na wakimbizi wapatao 100,000, yaani mji mzima uliojengwa kwa miti, udongo na turubai. Katika mji huo palikuwa na shule. Kwa kuwa ilitazamiwa kwamba wakimbizi wangerudi kwao, watoto walifundishwa kwa mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, ilhali shule za vijiji vya jirani zilifundisha kwa Kiswahili. Kambi ilifungwa mwaka 2008.

Waliotoka Lukole hawakushika njia moja. Wengi walirudi Burundi. Lakini kulikuwa na jamaa zilizokimbia tangu mauaji ya mwaka 1972, nyingine zikakaa kwanza Rwanda, kisha zikakimbia tena mwaka 1994. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea zaidi ya watu 8,000 wa kundi hilo kutoka kambi mbalimbali za Tanzania ili wakaishi huko moja kwa moja.

Sasa tafakari, ndugu msomaji, juu ya watoto wawili walioketi dawati moja pale Lukole, wenye akili sawa. Mmoja alipelekwa Marekani pamoja na wazazi wake. Alipomaliza sekondari huko, aliomba chuo kama mkazi wa nchi, na sheria ilimruhusu kupata msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Mwenzake alirudi Burundi. Yeye akiomba chuo hichohicho huitwa mwanafunzi wa kigeni: hana haki ya msaada ule wa serikali, vyeti vyake vya Kifaransa sharti vitafsiriwe kwa Kiingereza na kuthibitishwa, na hata akikubaliwa hana budi kuomba viza. Akili ni ileile. Kilichowatenganisha ni karatasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.

CHUO HUTAKA NINI?

Vyuo vikubwa vya Marekani havichagui kwa alama za mtihani mmoja wa mwisho peke yake. Hutaka taarifa ya maendeleo ya masomo ya miaka yote ya sekondari, barua za walimu wanaomfahamu mwombaji, insha aliyoiandika mwenyewe, na uthibitisho kwamba anakijua Kiingereza. Vingine, vikiwamo Harvard na MIT, vimerudisha sharti la mtihani wa SAT. Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia fomu moja ya pamoja katika intaneti, iitwayo Common App. Kwa kawaida maombi hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka karibu na mwisho wa Machi, na mwanafunzi hutakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei.

Ni dhahiri, basi, kwamba kazi hii haianzi siku matokeo yanapotangazwa. Huanza kidato cha tatu, mzazi anapozihifadhi ripoti za kila muhula mahali ambapo panya na mvua havifiki. Hakikisha kwamba jina katika cheti cha kuzaliwa, katika vyeti vya Baraza la Mitihani na katika pasipoti ni moja, herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja inaweza kuchelewesha safari ya mwaka mzima.

Juu ya insha, neno moja. Wapo vijana wanaoambiwa kwamba bila kueleza mateso hawatapokelewa. Hiyo si kweli. Wanaosoma insha hizo humtafuta mtu, hawatafuti machozi. Kijana aliyewafundisha wadogo zake hesabu kwa taa ya chemli ana jambo la kusema, na aliseme kwa maneno yake mwenyewe. Naye wakala anayedai fedha ili aandike insha, au anayeahidi nafasi ya hakika, mfungieni mlango. Hakuna mtu wa nje awezaye kuuza nafasi ya chuo cha kweli. Hata ada ya kutuma maombi husamehewa na vyuo vingi kwa asiye na uwezo, mradi aombe msamaha huo.

JINA AU MFUKO?

Baada ya kuomba huja kazi ya kuchagua, na hapa historia ya Afrika Mashariki ina la kutufunza. Mwezi Septemba 1959 ndege iliyopangwa na Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Wakoloni wa Kiingereza waliibeza elimu ya Marekani, lakini safari ziliendelea. Mwaka 1960 alikwenda msichana aliyekuja kuitwa Wangari Maathai. Hakwenda chuo chenye jina kubwa, bali Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwaka huohuo wa 1959 Barack Obama, baba yake aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii. Kwa maelezo ya mkewe, yaliyomo katika kitabu alichokiandika mwanawe, alipomaliza huko aliahidiwa msaada na vyuo viwili. Chuo cha New School cha New York kingemlipia kila kitu, pamoja na kumwezesha kuishi na mke na mtoto. Harvard ingelipa karo tu. Alichagua Harvard, akaenda peke yake mwaka 1962. Hatupo hapa kumhukumu, lakini kila familia inayopokea barua mbili huwa imesimama pale aliposimama yeye.

Gharama za mwaka mmoja katika vyuo hivyo sasa hupita dola 80,000, ikiwa ni karo, chumba na chakula. Vipo vichache ambavyo havitazami mfuko wa mzazi vinapomchagua hata mwanafunzi wa kigeni, kisha humsaidia kadiri ya uhitaji wake: miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na tangu mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin. Vilivyo vingi hutazama uwezo wa mwombaji wa kigeni. Wapo wanaodhani ni ujanja kuandika katika fomu kwamba hawahitaji msaada ili wapokelewe upesi, kisha walie wakishafika. Ujanja huo ni hatari, kwa maana vyuo vingi havimpi msaada baadaye mgeni ambaye hakuuomba mwanzoni. Vilevile kuna maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji: akikubaliwa sharti aende, asilinganishe na chuo kingine. Asiweke saini kabla ya kulielewa sharti hilo.

Barua za majibu zikifika, kaeni mezani na kalamu. Tuseme chuo cha kwanza, chenye jina, kinagharimu dola 85,000 na kinatoa 60,000. Cha pili, kisichojulikana mtaani kwenu, kinagharimu 60,000 na kinatoa 56,000. Msaada wa kwanza ni mkubwa zaidi, lakini umewaachia deni la dola 25,000 kila mwaka, na wa pili 4,000. Ulizeni pia: katika fedha hizo, ipi ni ruzuku na ipi ni mkopo? Je, bima ya afya na nauli zimo? Je, bweni likifungwa wakati wa likizo mtoto atalala wapi? Wala msitegemee kwamba atafanya kazi na kujilipia, kwani viza ya mwanafunzi humruhusu kazi za chuoni tu, kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo.

MLANGO WA VIZA

Barua ya chuo si ruhusa ya kuingia nchini. Mwezi Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na kwa tangazo la Disemba 2025 Tanzania nayo ikawekewa vizuizi vya namna hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mpango wa kuwapokea wakimbizi ulikuwa umekwisha kusimamishwa Januari 2025. Amri za aina hii huja na kuondoka. Kwa hiyo ulizeni katika tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa senti moja, na mtoto akikubaliwa akazuiwa, akiulize chuo kama kitamtunzia nafasi kwa mwaka mmoja. Wakati huohuo aombe nafasi Dar es Salaam, Makerere au Nairobi. Anayeomba mbali na karibu kwa pamoja hajapungukiwa na tamaa, bali amejiwekea akiba.

Ndugu msomaji, mtoto wa Lukole hakujichagulia mtaala wala mpaka. Sisi tulio mijini, wenye shule zinazotambuliwa na ofisi za vizazi zilizo karibu, tunaweza kuanza leo na yale yaliyo mikononi mwetu. Ripoti zihifadhiwe, majina yarekebishwe, hesabu zipigwe. Kisha mwana, akiwa na akili na bidii, asikwame mlangoni kwa karatasi ambayo mzazi angeweza kuitunza.