Masisi na Walikale: Simu iachwe wazi usiku, lakini isilale na mtoto

Kwa familia za Ntoto, mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale katika jimbo la Kivu Kaskazini, ushauri wa kuzima simu wakati wa kulala ni mgumu kufuata. Habari za mapigano katika kijiji cha jirani hufika kwa simu, na mzazi aliyeizima anaweza kukosa onyo la kukimbia. Lakini simu hiyo ikibaki mkononi mwa mtoto, inamwibia usingizi na kumkutanisha na watu asiowajua.

Njia inayofaa huku ni simu kubaki wazi, mlio wake ukisikika, intaneti ikiwa imefungwa, na ilale karibu na mtu mzima.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na madaktari wa usingizi wa Marekani unasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Hesabu ni rahisi. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili achote maji kabla ya kwenda shule anapaswa awe amelala saa mbili usiku. Akikaa na video hadi saa nne, anapoteza saa mbili. Baada ya wiki moja hasikii vizuri darasani, hukasirika upesi na husahau alichosoma.

Vita vimezidisha tatizo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, UNICEF ilisema shule na vituo vya masomo zaidi ya 2,500 vilikuwa vimefungwa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na watoto 795,000 walikuwa nje ya masomo. Shule ikifungwa, saa ya kulala na ya kuamka nayo hupotea.

Kisha kuna picha. Video za maiti na za watu wanaopigwa huzunguka katika makundi ya WhatsApp, na hupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine hata pasipo mtandao. Mtoto aliyekimbia risasi akiziona kabla ya kulala, anarudishiwa hofu ile ile kitandani. Anayeshtuka usiku au kusinzia darasani si lazima awe mvivu. Mwalimu amuulize kwanza kabla ya kumwadhibu.

Mzazi anaweza kupunguza hatari hiyo katika mipangilio ya WhatsApp kwa kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Hatua hiyo inaokoa pia mega. Kama mtoto huchukua simu kwa ajili ya tochi, heri taa ndogo ya sola ikae chumbani, simu ibaki kwa mzazi.

Kuna jambo jingine la Kivu hasa. Picha ya mtoto akiwa na sare, pamoja na jina la shule au la kijiji, inaweza kumwonyesha mtu mbaya mahali familia ilipokimbilia. Watoto wafundishwe kutotaja walipo, kutokubali urafiki wa mtu wasiyemjua, na kutoitikia anayeahidi kazi, pesa au safari. Neno la siri la M-Pesa, Airtel Money au Orange Money haliombwi na mtu mwema.

Mtu akimtishia mtoto kwamba atasambaza picha yake ya uchi, mtoto asilipe na asitume picha nyingine. Ujumbe wa vitisho usifutwe, kwa sababu ni ushahidi. Amwambie mtu mzima anayemwamini, kisha mtu huyo azuiwe kwenye simu. Mzazi naye asikimbilie fimbo, maana mtoto aliyepigwa leo atanyamaza kesho.

Sheria ipo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaadhibu anayetengeneza au kusambaza picha za ngono za watoto. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa makosa hayo mtandaoni. Lakini ambako mahakama iko mbali na barabara ni mbaya, ulinzi wa kwanza unabaki nyumbani.

Hata katika nyumba ya kupokelewa au chini ya hema la wakimbizi, mpangilio mmoja wa kila jioni unawezekana: kunawa, kula, hadithi au sala, kisha kuingia chini ya chandarua. Mtoto ambaye mambo mengi yamembadilikia huyatambua hayo na hutulia. Simu ikiita usiku wa manane, mkubwa ndiye atakayeipokea, na kama kuna haja ya kukimbia, yeye ndiye atakayemwamsha.