Irabu Fupi za Kiingereza: Sikio, Jicho na Silabi kwa Mwanafunzi wa Chimala

Mtoto wa Chimala, wilayani Mbarali, hukutana na mifumo mitatu ya irabu. Nyumbani huenda akasema Kisangu, Kibena au Kinyakyusa. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili. Sekondari humtaka asome fizikia na hisabati kwa Kiingereza. Akikwama katika mfumo huu wa tatu, lawama huelekezwa kwenye ulimi wake. Lakini sehemu ya tatizo imo katika istilahi yenyewe ya "irabu fupi".

Kiswahili kina irabu tano, na urefu hautofautishi maana ndani ya silabi moja. "Kaa" ni silabi mbili. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba irabu ya "ship" ni fupi na ya "sheep" ni ndefu hudhani tofauti ni ya muda tu. Sivyo. Katika "ship" ulimi hushuka na kulegea kidogo. Irabu "fupi" ya "bid" inaweza kuchukua muda unaokaribiana na ule wa irabu "ndefu" ya "beat", na bado msikilizaji Mwingereza hazichanganyi. Hapa Kisangu na Kibena, ambazo hutofautisha irabu fupi na ndefu, zinaweza hata kumpotosha mwanafunzi kwa kumfanya ategemee muda. Kinyakyusa, chenye irabu saba, kina msaada zaidi: tayari kinatenganisha irabu mbili za juu za mbele kwa namna inayokaribia ile ya "sheep" na "ship". Mwalimu angeweza kuanzia hapo.

Maneno ya mkopo yanaonyesha kilichotokea pale sikio lilipotangulia. "Bus", "club", "pump" na "judge" yamekuwa basi, kilabu, pampu na jaji; herufi u haikufuatwa. Vivyo hivyo, "bag", "bank" na "tractor" yamezaa begi, benki na trekta. ("Blanketi" limeshika a ya maandishi, ukopaji hauna nidhamu kamili.) La muhimu zaidi ni silabi. Kiingereza huiweka irabu fupi yenye mkazo katika silabi funge, yaani inayofungwa na konsonanti. Kiswahili huongeza irabu mwishoni na kuifungua silabi hiyo: be-gi. Irabu iliyokuwa fupi sasa imo katika silabi ya pili kutoka mwisho, yenye mkazo, ambako Kiswahili hurefusha irabu. Anayetamka "ship" kwa kuongeza irabu mwishoni amekwisha kuisogeza kuelekea "sheep" kabla hata ya kukosea ulimi.

Tahajia huongeza ugumu wa aina nyingine. Katika Kiswahili kila irabu iliyoandikwa husomwa, nayo konsonanti haielezi irabu iliyoitangulia. Katika Kiingereza, e ya mwisho wa "kite" hainenwi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba i si ile ya "kit". Konsonanti maradufu hufanya kazi iliyo kinyume: "supper" ina irabu fupi, "super" haina, "hopping" si "hoping". Mwanafunzi aliyezoea kusoma herufi moja moja kutoka kushoto anapaswa sasa kutazama mbele kabla ya kutamka. Akiona m-a-t-e, Kiswahili kimeshampa silabi mbili na maana ya majimaji ya kinywani, ilhali Kiingereza kinamtaka asome silabi moja yenye maana ya mwenzi.