Alama za Babu Katika Ardhi ya Kansanga

Abiria atokaye katikati ya Kampala kwa barabara ya Ggaba huipita Nsambya, penye kambi ya polisi, kisha Kabalagala, na kabla ya kufika Bunga huwa amekwisha kuivuka Kansanga. Siku hizi haoni shamba. Huona maduka, nyumba za kupanga, mabweni ya wanafunzi wa chuo kikuu kilichofunguliwa hapo mwaka 2001, na pikipiki za bodaboda zikigombania abiria. Kijana aliyelelewa kambini huona vigumu kusadiki ya kuwa juu ya kilima hiki wazee walilima ndizi na kahawa, wala jambo hilo si la zamani sana.

Jamaa za askari na polisi ni watu wa kuhamahama. Baba hupelekwa Gulu, kisha Mbarara, kisha Moroto, na watoto hujua zaidi namba ya nyumba ya serikali kuliko jina la kilima cha babu yao. Siku simu inapofika ya kwamba mzee amefariki, baba huomba ruhusa, hufika akiwa na vumbi la safari, na hapo matangani husimama msemaji mmoja akaeleza kuwa marehemu alikuwa mkulima hodari na mtu wa watu. Waombolezaji huitikia kwa vichwa, kisha huingia shughuli nyingine. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni machache mno kwa mtu aliyeishi miaka themanini au tisini. Alilima nini, katika ardhi ya nani, na hao watu aliowatumikia aliwatumikia kwa kazi gani? Asiyeyajua hayo hawezi kusema amemkumbuka babu yake. Tena huenda akaipoteza hata ardhi aliyoachiwa.

Mpaka wa miti

Mzee wa Kansanga aliyezaliwa katika miaka ya 1920 alizaliwa juu ya ardhi ya mailo. Neno hilo limetokana na maili za mraba, ambazo kwa Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 ziligawiwa Kabaka, wakuu na watu wengine wenye vyeo. Mkulima wa kawaida hakupata maili yoyote. Alipata kibanja, yaani sehemu ya kujenga na kulima katika ardhi ya mwenye mailo, akamlipa kodi ya kila mwaka iitwayo busuulu, na sehemu ya mazao iitwayo envujjo. Kodi hizo zilipozidi kuwa nzito, sheria ya mwaka 1928 iliziwekea kikomo, ikamzuia mwenye mailo asimfukuze mkulima bila amri ya mahakama. Chini ya sheria hiyo babu aliweza kupanda mti wa kudumu bila hofu.

Na alipanda. Kwenye mpaka alisimika oluwaanyi, mmea wa majani marefu usiokufa upesi hata ukikatwa, au akachomeka matawi mabichi ya mutuba, ambayo hushika mizizi yakawa ua. Ramani ya kupimwa na serikali hakuwa nayo. Ushahidi wake ulikuwa miti hiyo na majirani walioiona ikipandwa.

Mutuba haukuwa wa mpaka tu. Gome lake hubanduliwa bila kuuua mti, kidonda kikafungwa kwa majani ya mgomba, na gome jipya likaota. Gome lililobanduliwa hupigwapigwa kwa nyundo za mti zenye mistari mpaka linapanuka likawa lubugo, nguo ya rangi ya udongo ambayo Waganda walivaa kabla ya pamba na ambayo hata leo huwavika maiti wao. Shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu. Babu angecheka kidogo kusikia hivyo, kwa maana kwake yeye hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi.

Chini ya kivuli cha mituba palikuwa na migomba, na katikati ya migomba mibuni. Shamba la matoke lililotunzwa vizuri, kwa kuwekewa matandazo ya majani makavu na kupunguzwa machipukizi, laweza kulisha nyumba moja kwa miaka hamsini bila kupandwa upya. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya bibi, na haifai kumsifu mzee kwa jasho la mkewe. Kahawa ndiyo iliyokuwa mikononi mwa babu: kupanda, kungoja miaka kama mitatu, kuchuma, kisha kuanika juu ya mikeka mpaka tunda zima linakauka na ganda lake. Kahawa hiyo kavu huitwa kiboko. Si mnyama wa ziwani, wala si ule mjeledi ambao maaskari wa zamani waliuogopa. Kwa kiboko hicho watoto walilipiwa ada za shule.

Askari aliyerudi shambani

Wengi wa rika hilo hawakukaa Kansanga maisha yao yote. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Uganda waliingia jeshi la King's African Rifles, na baadhi yao walifika mpaka Burma. Huko lugha ya amri na ya mazungumzo baina ya Mganda, Mwacholi, Mkamba na Mnyamwezi ilikuwa Kiswahili. Mzee aliyerejea kijijini baada ya vita alirudi na lugha hiyo, na wajukuu wake walishangaa kumsikia akihesabu magunia kwa Kiswahili cha kambini. Alirudi pia na fikra. Alikuwa ameona jinsi watu wa nchi nyingine walivyouza mazao yao, akajiuliza kwa nini pamba yake ichambuliwe katika kiwanda cha mtu mwingine na kwa bei iliyopangwa na mwingine.

Swali hilo halikuanza na yeye. Tangu mwaka 1913 wakulima wanne wa Ssingo walikuwa wameungana katika Kinakulya wauze mazao yao pamoja, na hao ndio wanaohesabiwa kuwa wa kwanza katika ushirika wa Uganda. Lakini baada ya vita swali lilipata sauti kubwa. Mwaka 1947 Ignatius Musaazi, aliyezaliwa mwaka 1905, aliunda Umoja wa Wakulima Waafrika wa Uganda. Wakulima walidai haki ya kuchambua pamba wenyewe na kuiuza bila madalali. Machafuko yalipozuka Buganda mwezi wa Aprili 1949 serikali ya kikoloni iliupiga umoja huo marufuku. Musaazi hakunyamaza. Aliwakusanya wakulima tena katika umoja mwingine, na mwaka 1952 akaanzisha chama cha Uganda National Congress. Alifariki mwaka 1990, akazikwa kwa heshima za taifa katika uwanja wa Kololo, ambao wasomaji wengi wa ukurasa huu wamepiga gwaride juu ya nyasi zake. Yafaa ikumbukwe ya kuwa siasa ya uhuru wa nchi hii ilianzia kwenye mizani ya pamba na kahawa, na waliosimama mbele ya mizani hiyo walikuwa mababu.

Ngoma ya alfajiri

Kuhusu utumishi wake kwa jamii, neno la Waganda ni bulungi bwansi, yaani uzuri wa nchi. Alfajiri ngoma ililia kwa mdundo ambao kila mtoto aliufahamu kuwa unasema, "Sitaki aliyelala." Kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Walilima kando ya barabara, wakafukia mashimo, wakasafisha chemchemi iliyo bondeni, wakaondoa majani yaliyooza na kuchimba mfereji ili maji ya mvua yasirudi kisimani. Aliyekosa kuja bila sababu alitozwa faini, na faini nzito kuliko zote ilikuwa aibu.

Wapo wanaochanganya kazi hiyo na luwalo. Luwalo ilikuwa kazi ya lazima iliyotozwa kama kodi, na mtu aliweza kuilipia fedha badala ya kuifanya. Bulungi bwansi haikuwa na stakabadhi. Kwa sababu hiyo haikuandikwa popote, na leo hakuna daftari litakaloonyesha ni nani aliyechimba mfereji uliozuia kipindupindu katika kijiji. Mzee aliyeongoza kazi hiyo hakuwa na mshahara. Mwanzoni alikuwa chini ya mkuu wa muluka, na baada ya mwaka 1986, zilipoundwa kamati za wananchi ambazo baadaye ziliitwa mabaraza ya mitaa, wazee wa namna yake ndio waliochaguliwa mara nyingi kuamua ugomvi wa mbuzi na mipaka.

Katikati ya hayo ilipita miaka migumu. Mwaka 1975 amri ya Idi Amin iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, na ulinzi wa sheria ya 1928 ukaondoka. Bei ya kahawa duniani ilipanda sana mwaka 1977, lakini mkulima alipata kidogo mno, na kahawa nyingi ikavushwa kwa magendo hadi Chepkube, mpakani na Kenya. Sukari na sabuni zikaadimika. Wenye migomba walikula, na wakazi wa mjini wasio na ndugu shambani walijua njaa. Kisha, mwaka 1993, ukaonekana ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ambao ulikausha mibuni kwa mamilioni, na mwaka 2001 mnyauko wa migomba. Lakini Kansanga haikumalizwa na magonjwa hayo. Kilichoimaliza mashamba yake ni matofali, kwa kuwa mji ulipanda kilima, na kipande cha kahawa kilichoweza kutoa magunia mawili kwa msimu kikawa na thamani ya nyumba kumi za kupanga.

Karatasi na miti

Hapo ndipo jamaa ya askari aliye mbali inapoweza kudhurika. Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha mailo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikamtambua tena mwenye kibanja: aliyekaa chini ya sheria ile ya 1928, na pia aliyekaa na kuitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila kupingwa na mwenye mailo. Mabadiliko ya mwaka 2010 yalisema mtu wa namna hiyo hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya kutolipa kodi ya mwaka. Kwa hiyo zile stakabadhi za busuulu zilizokunjwa ndani ya bati la chai chini ya kitanda cha babu si takataka za kuchomwa siku ya kusafisha nyumba. Kadhalika ardhi ambayo jamaa huishi na kupata chakula chake haiwezi kuuzwa na mume bila idhini ya mkewe, na mjane wa askari ayajue hayo kabla ya kutia dole gumba popote.

Baadaye huja siku ya kuvunja tanga, iitwayo okwabya olumbe. Mrithi hufungwa lubugo, hukabidhiwa mkuki, na wazee wa ukoo humweleza mbele ya watu marehemu alikuwa nani. Watu wengi hudhani ya kuwa aliyefungwa lubugo amepewa na mali yote. Sivyo. Yeye ni mrithi wa jina na wa wajibu. Kugawa mali kwahitaji hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na sheria ya urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 haimbagui tena binti.

Askari aliyepata ruhusa ya siku saba hufanya vema kuichukua moja kati ya hizo, mzee angali hai, akatembea naye polepole kuuzunguka mpaka pamoja na jirani mmoja wa umri wake. Achukue daftari la shule la mtoto. Aandike kila mti ulipo, aliyeupanda na aliyeshuhudia, mahali pa makaburi ya jamaa, jina la mwenye mailo aliyelipwa na mwaka alioanza kulipwa, na chemchemi iliyochimbwa na akina nani. Mzee atachoka mapema na kuomba kuketi. Mara nyingi ni hapo, akiwa ameketi chini ya mutuba na fimbo yake magotini, anapoanza kusimulia habari za Burma.