Mshikio wa Upinde wa Mbao Unapobanduka: Kutambua Sababu, Kutengeneza na Kudai Haki

Upinde wa mbao uliochongwa kwa mkono haufanani na bidhaa ya kiwandani. Kila mmoja hutoka katika mti wake, hufuata nyuzi za mti huo, na hubeba uamuzi wa fundi mmoja. Kwa hiyo unapoharibika, mwenye nao hawezi kwenda dukani kununua kipuri. Inambidi kwanza aelewe kilichotokea, ndipo aamue kama atautengeneza, ataurudisha kwa fundi, au ataacha kuutumia kabisa.

Katika sehemu hii tunashughulikia kasoro moja inayojulikana sana kwa mafundi wa pinde za kulengea shabaha: kipande cha mshikio kilichogandishwa katikati ya upinde kinapoachia. Mpigaji huvuta upinde, husikia mlio mkali mfano wa kijiti kinachovunjika, kisha huona ufa mwembamba pembeni mwa mshikio. Wengi huilaumu gundi. Hudondosha gundi nyingine ndani ya ufa, hufunga kamba, na kuendelea. Baada ya siku chache ufa hurudi, nao hurudi ukiwa mpana zaidi. Jambo tunalotaka msomaji alishike ni hili: mara nyingi gundi ni ya kwanza kushindwa, lakini si chanzo. Chanzo ni mti ulio chini ya mshikio, unaopinda mahali ambapo haukupaswa kupinda.

Upinde tunaouzungumzia

Zipo pinde zisizo na kasoro hii kwa sababu hazina kiungo. Pinde za Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi, kwa mfano, huchongwa kwa ufito mmoja wa mti, bila kipande kilichogandishwa. Pinde nyingi za michezo ni za namna nyingine. Mwili wake ni ubao mmoja mrefu, na katikati yake fundi hugandisha kipande kinene ili mkono upate mahali pa kushika na sehemu hiyo ibaki kakamavu.

Ili tuelewane, upande wa upinde unaoelekea shabaha tutauita mgongo, na ule unaomwelekea mpigaji tutauita tumbo. Sehemu mbili zinazopinda, ya juu na ya chini, tutaziita mabawa. Mahali ambapo unene wa mshikio unashuka polepole hadi kulingana na bawa tutapaita mteremko. Kipande cha mshikio kwa kawaida hugandishwa upande wa tumbo.

Kabla ya yote, uache kuutumia

Upinde wenye ufa kwenye mshikio usivutwe tena, hata mara moja ya kujaribu. Nguvu iliyohifadhiwa katika mabawa ni kubwa, na kipande kikiachia ghafla kinaweza kuruka. Zaidi ya hayo, mwili wa upinde katikati huwa umepunguzwa upana ili uenee mkononi. Bila mshikio wa kuusaidia, hupinda mno mahali hapo na waweza kuvunjika karibu na uso wa mpigaji. Vua ugwe, uweke upinde mahali pakavu pasipo jua kali, wala usimwazime mtu.

Ikiwa upinde ni mpya, au bado umo katika muda wa dhamana ya fundi, usiufungue. Piga picha za ufa kwa pande zote, andika siku uliyouona na namna ulivyokuwa ukiutumia, kisha mjulishe aliyekuuzia. Nyuso za kiungo ndizo ushahidi mkuu. Ukizikwangua kabla ya fundi kuziona, itakuwa vigumu kwako na kwake kujua nani alikosea.

Kuzisoma nyuso za kiungo

Ikiwa umeamua kuutengeneza mwenyewe, achanisha kipande chote polepole kwa kisu chembamba. Mahali ambapo gundi bado imeshika, joto la wastani husaidia kuilainisha. Kisha zitazame nyuso mbili kwenye mwanga wa kutosha. Utaona moja kati ya hali tatu.

Hali ya kwanza: gundi yote imebaki upande mmoja, laini na inang'aa, na upande wa pili ni mti mtupu. Hapo gundi haikushika. Huenda uso ulikuwa na vumbi, mafuta ya mikono au mafuta ya asili ya mti wenyewe. Au gundi ilianza kukauka kabla ya vipande kukutanishwa.

Hali ya pili: gundi imebaki pande zote mbili, ikiwa nene mahali na vishimo vya hewa mahali pengine. Hapo nyuso hazikukutana sawasawa. Fundi hakuzinyoosha vya kutosha, au vibano havikukaza kote.

Hali ya tatu: nyuzi za mti zimeng'oka na kushikamana na gundi ya upande wa pili. Hapo gundi ilifanya kazi yake kikamilifu. Kilichoshindwa ni mti, na sababu kubwa ni kupinda.

Tueleze kupinda huko kunavyofanya kazi. Upinde unapovutwa, upande wa tumbo hubanwa na kufupika kidogo. Kipande kigumu cha mshikio hakifupiki kwa kiasi hicho. Ikiwa mwili chini yake unapinda, nyuso mbili zilizogandishwa hulazimika kuteleza, moja juu ya nyingine. Gundi huzuia mtelezo huo mara mia, pengine mara elfu, kisha huachia. Ndiyo maana upinde wa namna hii waweza kupigwa kwa wiki nyingi bila dalili yoyote, kisha ukafunguka siku moja bila kosa jipya la mpigaji.

Kupima kama katikati kunapinda

Jaribio lifuatalo lifanywe mapema, wakati mshikio ungali umeshika kwa sehemu kubwa. Ufa ukishakuwa mrefu, katikati kutapinda kwa sababu ya ufa wenyewe, na jaribio halitakueleza mengi.

Upinde ukiwa hauna ugwe, laza ncha zake mbili juu ya magogo mawili mafupi, mgongo ukitazama chini. Chora kwa penseli mistari miwili mitatu pembeni mwa mshikio, kila mmoja ukikata kiungo kutoka kipande hadi mwili. Mwombe mwenzako ashike rula fupi iliyonyooka chini ya mshikio, iguse mgongo. Kisha kandamiza mshikio kwa kiganja, polepole na kwa kiasi. Mwanga ukionekana kwenye miisho ya rula, katikati kunapinda. Na mistari ya penseli ikikatika, nusu yake ikisogea kando ya nusu nyingine, vipande vinatelezana.

Pima pia unene. Mafundi wengi huacha sentimita 10 hivi za kushika, na mteremko wa sentimita 5 hivi kila upande. Mteremko mfupi na wenye ukali hukusanya mkazo wote mahali pamoja. Kuhusu unene, yafaa kujua kwamba ukakamavu wa ubao huongezeka mara 8 unene unapoongezwa mara 2, upana ukibaki uleule. Kinyume chake, ukipunguza sehemu 1 tu ya 10 ya unene, unapoteza zaidi ya robo ya ukakamavu. Fundi aliyechonga mshikio ukawa mwembamba ili upendeze macho huenda ndipo alipoitoa nguvu yake.

Kutengeneza

Kwanza, kwangua gundi yote ya zamani hadi mti mtupu uonekane. Gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi iliyokwisha kukauka, na hili ndilo kosa la wanaodondosha gundi ndani ya ufa.

Pili, nyoosha nyuso zote mbili. Bandika karatasi ya msasa juu ya kioo au ubao ulionyooka, usugue kipande cha mshikio juu yake. Sehemu ya mwili isuguliwe kwa msasa uliozungushiwa kibao kilichonyooka, usije ukautia bonde. Kutanisha vipande bila gundi, uvitazame dhidi ya mwanga. Mwanga usipite popote.

Tatu, ikiwa sababu ilikuwa kupinda, usirudishe kiungo kilekile. Weka kati ya mwili na mshikio ubao mwembamba wa mti mgumu, wenye urefu wa sentimita 30 hivi na unene wa milimita 5 au 6 katikati, uliochongwa ukapungua hadi kuisha kabisa kwenye miisho yake. Ubao huo huikakamaza sehemu ya katikati na kuusambaza mkazo mahali pa urefu zaidi. Jambo moja la kuzingatia: kufanya hivyo hufupisha sehemu ya mabawa inayopinda, na kila bawa hubeba kazi kubwa zaidi kwa mvuto uleule. Upinde mrefu utastahimili. Upinde mfupi huenda usistahimili. Tunashauri uamuzi huu ufanywe pamoja na fundi.

Nne, chagua gundi kulingana na kiungo. Gundi nyeupe ya seremala hufanya vyema nyuso zikikutana kabisa na zikikazwa kwa nguvu. Gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, huvumilia mianya midogo, nayo haitaki kukazwa mno, isije ikakamuliwa yote ikatoka nje. Kwa epoksi, kwaruza nyuso kwa msasa mkavu wa namba 80, ondoa vumbi, na ikiwa mti una mafuta, ufute kwa spiriti na kuuacha ukauke. Paka gundi nyuso zote.

Tano, kaza. Asiye na vibano vya kutosha akate vipande virefu vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, avivute na kuvizungusha kwa ukaribu kutoka katikati kuelekea kila mwisho. Mpira huo hukaza sawasawa, hata juu ya mteremko. Acha kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi, wala usipungue saa 24.

Mwisho, unaweza kuzungushia uzi imara uliopakwa gundi mahali miteremko inapoishia. Uzi husaidia kiungo kizuri. Hauponyi kiungo kibaya.

Kuujaribu upinde uliotengenezwa

Usiuvute kwa mkono mara ya kwanza. Funga mshikio kwenye nguzo imara, funga kamba ndefu kwenye ugwe, simama mbali ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho, kisha vuta kamba kwa kiasi kidogo na kuirudisha taratibu. Rudia mara 20 hivi, ukikagua kiungo kila baada ya mivuto michache, kabla ya kuongeza kiasi cha mvuto. Ugwe usiachiwe kamwe bila mshale: nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hubaki katika upinde, nayo huweza kuuvunja hata ulio mzima.

Kasoro zisizofaa kutengenezwa nyumbani

Ukiona mistari myembamba inayokata tumbo la upinde kwa upana, nyuzi za mti zimeanza kusagika kwa kubanwa. Ukiona kibanzi kilichoinuka mgongoni, mti umeanza kukatika kwa kuvutwa. Kasoro hizo zikiwa karibu na mshikio, gundi haitasaidia. Upinde huo upelekwe kwa fundi, na akisema umekwisha, ukubaliwe kuwa umekwisha.

Haki ya mlaji na wajibu wa fundi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani iliundwa chini ya sheria hiyo. Bidhaa inayouzwa inapaswa kufaa kwa matumizi ambayo imeuziwa. Upinde uliouzwa kwa ajili ya kulengea shabaha, ukaachia mshikio katika matumizi ya kawaida, haujatimiza sharti hilo. Mnunuzi ana haki ya kumrudia aliyemuuzia.

Haki hiyo ina upande wa pili. Mnunuzi aliyeuvuta upinde kupita urefu alioelezwa, aliyeachia ugwe bila mshale, au aliyeuacha upinde ndani ya gari juani, hawezi kumbebesha fundi lawama yote. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwulize fundi maswali manne: upinde uvutwe hadi urefu gani, mshikio umegandishwa kwa gundi gani, je, katikati kunapinda au hakupindi, na mshikio ukiachia, atafanya nini na kwa muda gani. Omba majibu yaandikwe kwenye risiti. Ikiwa mshikio umefunikwa kwa ngozi, omba kuona picha ya kiungo kabla hakijafunikwa. Ngozi ni pambo jema, ila huficha mazuri na mabaya kwa usawa.

Fundi mwadilifu hatachukizwa na maswali hayo. Yeye ndiye anayejua kuliko wote kwamba mshikio ukibanduka mara ya pili mahali palepale, kilichohitajika si gundi zaidi. Kilichohitajika ni mtu wa kuutazama upinde wote na kuuliza unapinda wapi.