Lenzi za Kale za Kuvuta Mbali kwenye Kamera za Filamu

Mtu akinunua lenzi ya zamani ya kuvuta mbali, kwanza hukagua kioo chake: kina ukungu, kimechubuka, kimeota kuvu? Ni haki yake. Lakini kwenye kamera zinazolenga kwa kupima umbali, kama Leica M, ukali wa picha huamuliwa zaidi na nafasi iliyopo kati ya vidirisha viwili vya usoni mwa kamera, na wanunuzi wengi hawaiulizii kabisa.

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, ufumbe jicho moja kisha la pili. Kidole kinaruka. Kamera hizi hutegemea mruko huohuo. Zinakionyesha kitu kupitia vidirisha viwili, nawe unazungusha lenzi mpaka sura mbili zilaliane na kuwa moja. Vidirisha vikiwa mbalimbali, kosa dogo huonekana mara moja. Vikikaribiana, jicho hudanganyika. Ukubwa wa taswira machoni nao unahesabiwa. Leica M3 ya mwaka 1954 ina takribani milimita 68.5 kati ya vidirisha, na taswira yake ni mara 0.91 ya kitu halisi. Zidisha, utapata kama 62. Leica M6, iliyorudishwa sokoni mwaka 2022, ina taswira ya mara 0.72, hivyo hubaki na 50 hivi. Voigtländer Bessa R2A, kamera nzuri kwa lenzi fupi, huambulia 26 tu.

Sasa tazama lenzi inadai nini. Mwaka 1950 mpiga picha wa Marekani David Douglas Duncan alionyeshwa Tokyo picha iliyopigwa kwa Nikkor ya milimita 85 yenye f/2. Ilimvutia mno, na alipokwenda kwenye vita vya Korea alizifunga lenzi za Nikkor kwenye Leica zake. Ukiifungua lenzi ya aina hiyo hadi f/2 na mtu amesimama mita 1.5 mbele yako, sehemu iliyo kali haifiki sentimita 4. Jicho likitoka kali, sikio halimo. Milimita 135 yenye f/4 inakupa kama sentimita 12 kwa mita 3: kwa M3 ni kazi ya starehe, kwa M6 inawezekana ukiwa mwangalifu, kwa Bessa ni kubahatisha. Bessa hiyo hata haina fremu ya 135 ndani yake.

Lenzi za skrubu za milimita 39 hufungwa kwenye mdomo wa M kwa ringi ya unene wa milimita 1. Usinunue ringi yoyote tu, kwa sababu ringi ndiyo inayoamua fremu gani itokee unapochungulia: lenzi ya 90 inataka ya 28/90, ya 135 inataka ya 35/135.

Jupiter-9 za Kisovieti, milimita 85 zenye f/2, ni rahisi na zina sura ya kupendeza sana kwa picha za watu. Hata hivyo nyingi hazipatani na Leica: kwa mlingoti wa mbali zinalenga sawasawa, kwa uso wa mtu zinakosea.

Basi pima kabla ya kutia filamu. Weka kamera kwenye stendi, fungua mgongo, tandaza karatasi laini ya kunakilia ramani kwenye reli zile za ndani, shata iwe B na lenzi wazi kabisa. Laza rula kwa mshazari mita 1.5 mbele, ilenge namba moja, kisha itazame karatasi kwa kioo cha kukuza. Rudia kwa mita 5, halafu kwa mnara wa mbali. Lenzi zako zote zikikosea upande mmoja, peleka kamera kwa fundi. Ikikosea moja, peleka hiyo lenzi. Usikubali kamera irekebishwe kwa ajili ya lenzi moja, utaziharibia nyingine zote.

Kwa anayeanza, chaguo langu ni Elmar ya milimita 90 yenye f/4. Ni nyembamba, nyepesi, na kwa mita 3 inakuachia zaidi ya sentimita 25. Ya 135 itafutie M3. Ukitaka kuvuta zaidi ya hapo, chukua kamera ya kioo cha ndani: Leica wenyewe, walipotoa Telyt ya milimita 200 mwaka 1935, waliitengenezea kisanduku chenye kioo, kwa kuwa vidirisha viwili havikuiweza.